Kila Kano na Swali Lake

Kabla hajamgusa, alimtazama akivua sweta.

Ilikuwa asubuhi ya Machi mjini Sumbawanga, mvua imenyamaza kidogo, na Mama mkubwa alikuwa amejifunika kama wafanyavyo watu wa Ufipa majira hayo: blauzi, sweta zito, kitenge juu ya mabega. Niliinuka nimsaidie. Mfiziotherapia, dada tuliyemwendea, akaninyooshea kiganja, nikae. Mama mkubwa akatoa mkono wa kushoto kwanza, akapitisha kichwa, mwisho akalivuta sweta kutoka mkono wa kulia polepole, kama anayemvua nguo mtoto aliyelala. Yule dada akaandika mstari mmoja kwenye daftari. Sisi tulidhani tunajiandaa kuanza, kumbe mwenzetu alikuwa ameshaanza.

Nimekaa naye mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka Mama mkubwa kila wiki, na nataka kuieleza kazi yake bila haraka, kwa kuwa yeye mwenyewe haifanyi kwa haraka. Chumba chake kina kitanda kimoja, stuli mbili, dirisha linalotazama upande wa milima ya Mbizi, na mlango ambao fremu yake imejaa alama za penseli. Mashine hamna. Vifaa vyake ni mikono miwili, tepu ya kupimia, pamba, na daftari la jalada gumu.

Mama mkubwa ana miaka 63. Anaishi kijiji kimoja upande wa Matai, na Januari ile aliteleza kwenye njia ya kisimani, udongo ukiwa umelowa. Akatanguliza mkono wa kulia. Bega likateguka. Kituo cha afya kilichompokea kililirudisha siku ile ile, na kwa haki niseme kwamba walilirudisha vizuri. Picha ya eksirei ikaonyesha mfupa umekaa mahali pake na haujavunjika. Wakamfunga mkono shingoni, wakampa dawa za maumivu, wakamwambia wiki tatu. Wiki tatu zikawa saba. Maumivu yalipungua, lakini mkono ukakataa kupanda. Aliporudi aliambiwa ni mshipa wa fahamu umeshtuka, avumilie tu. Kijijini wakamkanda kwa mafuta ya moto. Bado hakuweza kujifunga kilemba, na sufuria iliyokuwa juu ya kabati ikabaki juu ya kabati.

Ili uelewe uzito wa jambo hili, lazima uyaone mashamba ya Ufipa mwezi wa Februari. Wafipa wana kilimo chao cha vilima vya mboji, ntumba, ambacho watafiti wa kilimo wamekiandika tangu enzi za mkoloni. Majani yakiwa mabichi na ardhi imelainika, mkulima hukata pandikizi la udongo pamoja na majani yake, analigeuza kichwa chini, analirundika kuelekea katikati, hadi linapatikana tuta la mviringo lenye upana wa kama mita moja. Ndani majani yanaoza. Juu hupandwa maharage. Mvua za msimu unaofuata zikianza, vilima vinabomolewa na ile mboji inasambazwa, ndipo ulezi au mahindi yanapandwa. Ni akili kubwa: shamba linajitengenezea mbolea kwa magugu yake lenyewe. Lakini kila tuta linajengwa kwa bega. Jembe linapanda, linashuka, linakwama kwenye mizizi, linavutwa, linapinduliwa, kisha linapanda tena. Mama mkubwa ameyafanya haya tangu akiwa msichana.

Sasa bega lenyewe. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kishimo kinachokipokea ni kidogo na hakina kina, kama limau lililowekwa juu ya kifuniko cha chupa ya soda. Ndiyo maana mkono unazunguka kote, na ndiyo maana bega huteguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa mwilini. Kinacholizuia limau lisidondoke ni kano nne zinazolikumbatia, kila moja ikitoka kwenye msuli uliojishikiza kwenye kombe la bega. Madaktari huziita supraspinatusi, infraspinatusi, teresi ndogo na subskapularisi. Mimi nilizijua kwa majina aliyoyatumia yule dada mbele yetu: ya juu, ya nyuma, ndogo, na ya mbele. Juu ya zote umelala msuli mnene unaolipa bega umbo lake la mviringo, deltoidi. Huo ndio unaoonekana, na huo ndio unaopewa sifa zote.

"Nikimwambia mgonjwa inua mkono," alinieleza siku moja akinawa, "misuli yote inajibu kwa pamoja, kama darasa. Na mimi namtafuta yule mmoja ambaye hajui jibu."

Basi ufundi wake wote uko hapo: kumtenga yule mmoja. Alimkalisha Mama mkubwa kwenye stuli, akasimama nyuma yake, akamwomba radhi, akayatazama makombe mawili ya bega kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuona aibu. La kulia lilikuwa limebonyea kidogo juu ya ule mgongo wa mfupa unaopita kwenye kombe, mahali msuli wa juu unapolala. Msuli usiotumika hunywea, na mtu hawezi kuuona mgongo wake mwenyewe. Kisha akasema, "Shikamoo tena, mama. Inua mikono yote miwili, nione." Wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukafika karibu na usawa wa titi, halafu bega lote likajivuta kuelekea sikioni, kama mtu anayeinua gunia kwa shingo kwa sababu mikono imemchoka.

Hapo ndipo wengi wangehitimisha. Yeye aliushika ule mkono mwenyewe, akauunga kwa kiganja chini ya kiwiko, akaanza kuupandisha, macho yake yakiwa usoni kwa Mama mkubwa na si begani. Mkono ukaenda, ukaenda, hadi ukakaribia sikio. Akatabasamu kidogo. Baadaye nilimuuliza sababu. Bega lililoganda, alisema, halipandi ukiliinua wewe wala akiliinua mwenyewe. Mfuko unaozunguka kiungo umekakamaa, na huwapata sana wenye kisukari. Bega la Mama mkubwa lilikubali kuinuliwa, ila halikuweza kujiinua. Mlango haujakwama, kamba ya kuuvutia ndiyo imekatika.

Kamba ipi, basi? Akaanza kuuliza moja moja.

Alianza na ya mbele. "Weka kiganja tumboni, mama, bonyeza, kiwiko kikae mbele." Kano ya mbele ikiwa imechanika, mtu hushindwa kubonyeza kwa bega, anabonyeza kwa kukunja kifundo cha mkono, na kiwiko chenyewe kinarudi nyuma kimyakimya. Kiwiko cha Mama mkubwa hakikurudi. Ya mbele ni nzima. Akaja kwenye ya nyuma: kiwiko ubavuni, akaupeleka mkono nje hadi mwisho wake, akasema, "Shikilia hapo hapo, usiuache," kisha akauachia yeye. Nilishika pumzi. Mkono ukatetemeka, ukarudi kwa upana wa kidole, ukashika. Akaandika. Mwisho akaja kwenye ya juu. Mikono yote miwili mbele, imesogezwa kidogo pembeni, dole gumba likitazama juu, naye akaweka vidole viwili tu juu ya kila kifundo, kwa uzito wa mtu anayebonyeza swichi. Wa kushoto ulibaki. Wa kulia ulishuka kama tawi lililowekewa ndege.

Hakusema kitu. Wala hakurudia ili kuhakikisha, kwani jaribio hilo linauma na alikuwa ameshapata jibu.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuacha. Mimi ningeacha. Tulikuwa tumeshampata mkosaji. Lakini alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mara kadhaa miezi ile: kano ya bega ikichanika, ujue haikuumia peke yake, na lile jeraha linalopiga kelele hulifunika lililonyamaza. Akachukua eksirei ya Januari, akaiinua dirishani, akakitafuta kinundu kilicho upande wa nje wa kichwa cha mfupa, pale kano ya juu na ya nyuma zinapojishikiza, maana bega likiteguka kinundu hicho wakati mwingine humeguka na kuondoka na kano zake. Kilikuwa kizima. Akapapasa mfereji ulio mbele ya bega, unamopita mzizi mrefu wa msuli wa mbele wa mkono, ule unaovimba mtoto akikuonyesha nguvu zake. Mzizi huo unapita ndani ya bega na unashikiliwa mahali pake kwa msaada wa kano ya mbele. Kano hiyo ikiachia, mzizi unaruka nje ya mfereji, na ukikatika kabisa msuli hujikusanya chini ya mkono kama tonge. Wa Mama mkubwa uliuma alipoubonyeza, lakini ulikuwa kwenye njia yake.

Halafu akaja kwenye neva. Akachana pamba kidogo, akamwambia afumbe macho, akampitishia pamba upande wa nje wa mkono, pale askari anaposhonea vyeo vyake. "Unasikia, mama?" Kushoto alisikia. Kulia alisema anasikia kama kuna kitambaa katikati. Neva inayopita kwapani kwenda kwenye deltoidi huvutwa bega linapoteguka, na sehemu ile ya ngozi ni ya kwake. Yule dada akaweka vidole vitatu juu ya bega, kimoja mbele, kimoja pembeni, kimoja nyuma, akamwambia asukume kiwiko ukutani. Akasubiri. Nikaona uso wake unalainika. "Unaamka," akasema. "Weka vidole vyako, uuguse." Nikauweka mkono wangu pale wake ulipokuwa. Nilisikia kitu kinakaza na kulegea chini ya ngozi, kidogo sana, kama mtoto anayegeuka tumboni kwa mama.

Kwa hiyo waliomwambia ni mshipa wa fahamu hawakukosea kabisa. Neva ilikuwa imeumia kweli. Walichokosa ni swali la pili. Kijana wa miaka 20 akiteguka bega, kinachochanika mara nyingi ni ukingo wa gegedu unaozunguka kile kishimo, na shida yake huwa bega kutoka tena na tena. Mtu aliyevuka miaka 40 ukingo wake hupona mara nyingi, kano ndiyo inayochanika, kwa sababu kano huchakaa kadiri miaka inavyokwenda. Na mkono usiopanda baada ya kuteguka hupewa jina la neva kwa urahisi mno, watu wakasubiri, na kusubiri huko ndiko kunakoigharimu kano. Msuli ulioachwa bila kano yake hurudi nyuma mwezi baada ya mwezi na nyama yake kugeuka mafuta, na hilo likishatokea hata daktari bingwa wa upasuaji huwa hana cha kushonea.

Yapo pia machaniko ambayo hayaletwi na ajali yoyote. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 uliwapiga picha watu wasiokuwa na maumivu yoyote ya bega, na kati ya waliovuka miaka 60 zaidi ya nusu walikutwa na kano iliyochanika, nusunusu au kabisa. Nilipomwambia yule dada nimesoma hivyo, alicheka kwa furaha. "Ndiyo maana picha peke yake hainitoshi. Huenda Mama alikuwa na mchubuko huo miaka kumi na anajenga ntumba zake. Lazima niliulize bega lenyewe, linafanya nini na limeacha kufanya nini."

Alisomea KCMC, Moshi, na jina alilonitajia kwa heshima kuliko mengine yote ni la daktari wa Boston, Ernest Codman, aliyechapisha mwaka 1911 taarifa za kushona kano ya juu ya bega na mwaka 1934 akatoa kitabu kizima juu ya kiungo hicho kimoja. Codman alikuwa na tabia iliyowaudhi wenzake: alitaka kila mgonjwa awe na kadi, na baada ya mwaka aulizwe kama kweli alipona, na kama hakupona sababu iandikwe. Mwaka 1914 aliacha kazi kwenye hospitali kubwa ya mji ule kwa ugomvi huo. Nilipolisikia hilo nikalitazama lile daftari la jalada gumu kwa jicho jingine. Kila ukurasa una mgonjwa mmoja, na chini ya kila ukurasa pameachwa nafasi.

Zoezi la kwanza alilompa Mama mkubwa ni la Codman huyo huyo. Unainama, mkono wa kushoto umeshika meza, wa kulia unaning'inia, unauacha uyumbe kwa mwili wako kama kengele isiyo na mpigaji. Mama mkubwa alilidharau. "Mwanangu, nimekuja kutoka Matai kuning'iniza mkono?" Yule dada akapiga goti mbele yake, akamshika vidole, akasema, "Mama, hapa mkono unajifunza kutoogopa. Ukishaacha kuogopa, tutaufundisha kazi."

Pia alikuwa mkweli juu ya kile asichokijua. Mikono haioni kila kitu, na hakuna jaribio hata moja la bega linalotosha peke yake. Aliandika barua ya rufaa, akasema chaniko linalotokana na kuanguka si sawa na la uzee na lisikae miezi bila kuonwa na bingwa. Mashine ile ile inayomtazama mtoto tumboni inaweza kuitazama kano, ila inataka jicho lililofundishwa kazi hiyo. Tukasafiri kupitia Laela na Tunduma hadi Mbeya. Jibu lililorudi lilikuwa karibu neno kwa neno lile lililoandikwa daftarini: kano ya juu imechanika unene wake wote, ila kwa sehemu ndogo, ya nyuma imechubuka, ya mbele nzima. Kushona kuliwezekana. Mama mkubwa aliuliza maswali mengi kuliko mimi, akaamua kujaribu mazoezi kwanza, kwa sharti kwamba tarehe ya kupima upya ingewekwa siku ile ile na isingesogezwa. Sikumlaumu. Wamarekani waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 400 wenye kano zilizochanika bila ajali, wakachapisha matokeo mwaka 2013: baada ya miaka miwili ya kuanzia na mazoezi, karibu robo tatu hawakuwa wamefanyiwa upasuaji. Chaniko lake lilikuwa la ajali, na yule dada alimwambia hivyo waziwazi, mara mbili, ili asije akadhani namba zile ni zake.

Kuanzia Aprili nikawa nautazama ufundi wa aina nyingine. Mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, umefungwa kwenye kitasa. Khanga iliyokunjwa na kubanwa kwapani, ili kiwiko kisitoroke ubavuni wakati kano ya nyuma inafanya kazi; khanga ikianguka, zoezi limeharibika na linaanza upya. Kulala chali na kuupandisha mkono mbovu kwa msaada wa mzima. Kuyabana makombe ya bega kana kwamba unaficha leso katikati yake. Idadi haikuwa kubwa. Mara 10, pumzika, mara 10. Kila Mama mkubwa alipotaka kuongeza alikatazwa, na kila alipotaka kuacha alisimuliwa habari za kijijini hadi mara 10 zikatimia.

Mei akamwambia, "Wiki ijayo njoo na jembe, mama." Tukaja nalo kwenye hiace, limefungwa gunia. Nyuma ya jengo kulikuwa na kipande cha ardhi yenye majani. Yule dada akavuta stuli, akakaa, akamwomba amjengee tuta moja, polepole, kwa kadiri isiyomuumiza. Sijawahi kuona mtu akitazama kilimo kwa makini namna ile. Jembe linapopanda, alinionyesha, ni deltoidi na kano ya juu. Linaposhuka, ni ya mbele na kifua. Linapokwama na kuvutwa, ya nyuma inakishikilia kichwa cha mfupa kisitoke. Tuta moja lilikuwa limeziuliza kano hizo kwa zamu, tangu zamani, kabla hajazaliwa Codman.

Na jembe lenyewe: zamani Ufipa ilikuwa ikifua majembe yake yenyewe. Wahunzi walijenga malungu, tanuru refu la udongo linalofika mita 3, lenye mirija chini iliyovuta upepo bila mtu kuvukuta. Mivukuto ilisubiri tanuru dogo la pili, kintengwe, la kukisafishia chuma. Profesa Bertram Mapunda, aliyekuwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameyachunguza mabaki yake huko wilayani Nkasi. Ninapoyafikiria matanuru yale nawaona watu waliojua sana mkono wa binadamu unachoka wapi, wakauachia upepo sehemu ile.

Yule dada naye alifanya kitu cha jinsi hiyo. Hakumkataza jembe. Alibadilisha mkono unaotangulia, wa kushoto ukawa juu ya mpini. Alimsogeza hatua moja karibu na tuta ili asifikie mbali. Alimwambia jembe lisivuke usawa wa kifua, na mizizi migumu amwachie kijana mwenye maksai. Mama mkubwa alijaribu, akasema tuta litakuwa dogo. "Litakuwa dogo," yule dada akakubali. Wakalitazama wote wawili.

Tarehe ya kupima upya ilifika, na waliopima wakaridhika kwamba operesheni isubiri. Neva imeamka, pamba sasa anaisikia pande zote mbili. Kano haijaungana, na yule dada hajawahi kumwambia kwamba itaungana. Jirani zake ndizo zilizojifunza kuibebea mzigo.

Kwenye fremu ya mlango wa kile chumba, alama za Mama mkubwa ni zile zenye msalaba pembeni. Ya Machi iko juu kidogo ya kitasa. Ya Juni, wakati wa baridi kali, imepanda kwa shibiri moja na nusu. Zinazofuata zimekaribiana, tena moja iko chini ya ile iliyoitangulia, na hiyo nayo haikufutwa. Wiki iliyopita Mama mkubwa alisimama pale, akaubana ukuta kwa vidole, akaupandisha mkono akihesabu kwa Kifipa, na yule dada ikambidi asimame kwa ncha za vidole vya miguu ili aichore.